"Ndivyo Alivyo" Si Jibu

Mtoto mwenye ulemavu, asiyeweza kusema, amelazwa mkekani analia. Mgeni anauliza, "Ana nini?" Jibu linatoka kwa baba, au kwa shangazi, au kwa mzee wa kanisa, na mara nyingine kwa mchungaji: "Ndivyo alivyo." Kisha mazungumzo yanarudi kwenye mvua na bei ya tumbaku, na mtoto anaendelea kulia. Nimelisikia jibu hilo katika nyumba nyingi huku Igalula na katika vijiji vinavyofuata reli, na mimi mwenyewe nimelitoa zaidi ya mara moja. Hapa nalipinga. Sitalipinga kwa upole, kwa sababu limeshaumiza watoto, na mmoja wao nilishiriki kumuumiza.

Alikuwa binti wa miaka 9. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia, na baadaye hospitali wakasema ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, analishwa uji, na ugali uliolainishwa kwa mchuzi. Nyumba yao iko karibu na Reli ya Kati, hii iliyofika Tabora mwaka 1912, na binti huyo alikuwa na furaha moja iliyojulikana na majirani wote: treni ikipiga honi, hucheka na kurusha mkono wa kushoto, hata kama ni usiku. Wengine walisema hajui kitu. Lakini treni aliijua.

Siku moja alianza kulia kila alipovuliwa nguo aogeshwe. Usiku nao akalia. Mama yake akaja kwangu, akasimama mlangoni, akasema, "Shikamoo, Mchungaji. Mwanangu anaumwa." Nikamwuliza swali ambalo kila mzazi wa mtoto kama huyu ameulizwa: "Umejuaje, mama, na yeye hasemi?" Akajibu kwamba treni imepita mara mbili tangu jana na mtoto hakucheka.

Nilitabasamu. Namwomba Mungu anisamehe tabasamu lile. Nilikaa chuo cha theolojia miaka ya kutosha kukwambia Marko anamwitaje kwa Kigiriki yule pepo wa sura ya 9, na sasa mama aliyeishia darasa la saba ananiletea ushahidi ambao daktari yeyote makini angeupokea, mimi nauona ni maneno ya mtu aliyechoka. Nikamwambia arudi nyumbani, tutakuja kuomba.

Tukaenda siku tatu mfululizo, usiku, mimi na mwinjilisti na akina mama wanne wa maombi. Tuliimba, tukakemea. Binti alipopiga kelele tulizidisha sauti, na alipojirusha tulimshika miguu asijiumize. Usiku wa tatu alinyamaza. Tukapiga vigelegele, tukashukuru, tukaenda kulala. Mama yake hakupiga kigelegele. Alfajiri alimbeba, akapanda naye bodaboda. Mahali pa kwanza alipofika aliambiwa kwamba hiyo ni hali yake ya siku zote, akapewa vidonge vya kutuliza maumivu arudi nyumbani. Hakurudi. Aliuza simu yake, akaenda mbele mpaka akapata mahali pa kupiga picha ya eksirei, na picha ikaonyesha kwamba mfupa wa paja umevunjika.

Mguu huo ndio tulioushika.

Daktari alimweleza mama, naye akanieleza mimi: mtoto asiyesimama wala kutembea mifupa yake huwa myembamba na dhaifu, na inaweza kuvunjika kwa jambo dogo kama kumgeuza kitandani au kumvalisha nguo, bila mtu yeyote kumpiga. (Tayari walikuwepo walionong'ona kwamba mama ndiye aliyempiga. Tuna mtindo huo: kwanza tunamkatalia mama kwamba mtoto anaumwa, na ikithibitika kwamba kweli anaumwa tunamfanya mama mtuhumiwa.) Ukimya wa usiku wa tatu, tulioupokea kama jibu la maombi, ulikuwa uchovu wa mtoto aliyelia siku nne bila mtu kumwelewa, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hatukumwamini.

Tangu hapo nimeanza kusikia vizuri maana ya "ndivyo alivyo". Inatamkwa kama maneno ya subira na ya kumkubali mtoto, na ndiyo maana inapita kanisani bila kupingwa. Lakini angalia kazi inayofanya. Mtoto mwingine akilia tunapapasa paji la uso kama lina joto, tunaangalia sikio, tunauliza amekula nini. Huyu akilia, ulemavu wake unakuwa jibu la kila kitu. Jino lililooza linaitwa ulemavu. Sikio lenye usaha linaitwa ulemavu. Choo kilichofunga siku sita, malaria, homa ya mapafu inayotokana na uji unaompalia, vyote vinamezwa na neno moja. Mtindio wa ubongo haumkingi mtoto na mbu, na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Wataalamu nao wamewahi kulala usingizi huu. Hadi miaka ya 1980 huko Marekani na kwingineko, watoto wachanga walifanyiwa upasuaji wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli na dawa kidogo sana ya maumivu, au bila hiyo kabisa, kwa sababu wakubwa wengi waliamini kwamba kichanga hasikii maumivu kama sisi. Mtoto asiyesema hakuweza kuwasahihisha. Chama cha kimataifa cha wachunguzi wa maumivu, kilichotoa tafsiri yake ya neno "maumivu" mwaka 1979, kiliirekebisha mwaka 2020 na kuweka wazi kwamba mtu kushindwa kueleza si ushahidi kwamba haumwi. Na huko Kanada watafiti walitengeneza orodha ya dalili 30 za maumivu kwa watoto wasioweza kujieleza: sauti anazotoa, uso, kula, kulala, jinsi anavyokunja miguu, jinsi anavyokataa kuguswa. Anayeijaza ni yule anayemwangalia mtoto, na kwa kawaida huyo ni mzazi. Yaani baada ya masomo yote hayo walirudi kumwuliza mama. Wahenga wetu walishasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tunalisema neno hilo kwenye harusi na misiba, kisha mama akija mlangoni tunamwuliza umejuaje.

Sisi Walutheri tuna deni la pekee hapa, na ni afadhali tulitaje wenyewe kuliko kutajiwa. Katika mazungumzo ya mezani ya Martin Luther, yaliyoandikwa na wanafunzi na wageni wake, kuna habari ya mtoto wa miaka 12 huko Dessau. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alikuwa anakula na kujisaidia tu, na kwamba Luther alimwona ni kipande cha nyama kisicho na roho, akashauri azamishwe mtoni. Wanazuoni wanabishana kama waliomwandika walimwandika sawasawa. Sitaingia katika ubishi huo. Nataka tu mwone jambo moja: masimulizi hayohayo yanasema kwamba mtoto akiguswa alipiga kelele. Mtoto anapiga kelele akiguswa, na katika masimulizi hayo hakuna anayeuliza amegusiwa wapi. Binti wa huku kwetu naye alipiga kelele akiguswa.

Namjibu Luther kwa Luther. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo watoto wetu wa kipaimara wanaikariri, inapoeleza amri ya tano haiishii kwenye kutomdhuru jirani mwilini. Inatutaka pia tumsaidie katika kila hitaji la mwili wake. Hivyo kumwacha mtoto na mfupa uliovunjika kwa sababu hasemi ni jambo la amri ya tano. Sitalipunguza jina.

Najua nitaulizwa kama nakataza maombi. Wengine wameshauliza, tena kwa sauti. Basi tuifungue Marko 9, sura tunayoikimbilia kila anapotajwa mtoto asiyesema, na tuisome taratibu. Baba ameleta kijana asiyesema, anayeanguka na kutoka povu. Wanafunzi wameshindwa, na sasa kuna mabishano na waandishi, mkutano umezunguka. Yesu anafika. Kabla hajakemea chochote anamgeukia baba na kumwuliza mwanawe amekuwa hivyo tangu lini. Mwana wa Mungu anauliza historia ya mgonjwa! Baba anaeleza: tangu utotoni, na jinsi anavyoangukia motoni na majini. Bwana hamwulizi baba amejuaje, wala hamhoji kijana asiyeweza kujibu, wala hawapi nafasi waliokuwa wanabishana. Neno la mzazi linatosha kuanzia kazi. Mathayo anaposimulia habari hiyohiyo katika sura ya 17, Biblia yetu ya Union inautaja ugonjwa kwa jina la kifafa, na kila mama wa Unyamwezi aliyewahi kumvuta mtoto wa kifafa kutoka kwenye mafiga anajua moto ule ni moto gani. Wanaoitumia sura hii kuwaachisha watoto dawa za kifafa, jambo linaloweza kuleta degedege kali kuliko lile la mwanzo, wanaanza kusoma kwenye mstari wa 25. Mstari wa 21 wameuruka.

Na tusisahau kwamba mtumishi wa Mungu anaweza kuangalia mdomo usiotoa sauti akasoma kinyume. Eli alimwona Hana akichezesha midomo kimya mbele za Bwana, akadhani amelewa. Kuhani mzee, mwenye uzoefu wote wa hekalu la Shilo. Heri yake yeye aliposahihishwa alisikia palepale. Mimi nilihitaji picha ya eksirei.

Tuombe, basi, lakini tuombe njiani. Bodaboda haizuii sala. Tuombe kwenye benchi la kusubiria, tuombe daktari apewe macho, tuombe mama asipoteze ujasiri pale atakapoambiwa tena kwamba ni hali yake. Ninachokataa ni maombi yanayotumika kama kituo cha ukaguzi, kwamba mtoto apite kwetu kwanza, tuone kama ni pepo, kisha ndipo aruhusiwe kwenda hospitali.

Sasa mama ataniuliza: Mchungaji, mimi ninaishi kijijini, nauli ni ya kukopa, na mtoto wangu analia kila siku. Nitajuaje leo ni siku ya kwenda? Swali hili ni la haki, na wanaolidharau hawajawahi kukaa na mtoto wa namna hii hata mchana mmoja. Si kila kilio kinahitaji daktari. Yako mambo, hata hivyo, yasiyosubiri asubuhi wala ruhusa ya baba: mtoto akishindwa kunywa au kumeza, akitapika kila anachopewa, akipumua kwa haraka au kwa shida hata mbavu zinaingia ndani, akiwa na usingizi mzito asioamshika, au degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu. Hapo unaondoka saa hiyohiyo. Homa inataka kipimo cha malaria siku hiyohiyo, kwa huyu kama kwa mtoto mwingine yeyote.

Yaliyobaki yanahitaji kumjua mtoto, na ndipo mama alipo mtaalamu kuliko sisi sote. Kipimo si mtoto wa jirani. Kipimo ni yeye mwenyewe alivyokuwa juzi. Huyu siku zote hulia akiwa na njaa, lakini leo amelishwa na bado analia. Huyu hupenda kubebwa, leo anajikunja akibebwa. Huyu huwa na kelele, leo amenyamaza, na kunyamaza huko kusitufurahishe haraka. Amekataa upande mmoja wa mdomo. Anajipiga sikioni. Amegoma kucheka kwa kitu kilichokuwa kinamchekesha. Ukiona hivyo, mvue nguo zote mahali penye mwanga, umkague kuanzia kichwani: masikio, meno na fizi, koo, tumbo kama limejaa, alipata choo lini, kila kiungo kimoja kimoja, ngozi ya mgongo na makalio anakolalia. Ukikuta kitu kinachoeleweka, nenda nacho. Usipokuta kitu, na badiliko likaendelea mpaka kesho, nenda hata hivyo. "Amebadilika na sijui kwa nini" ni sababu kamili ya kumwona daktari. Huhitaji sababu ya pili.

Tena nenda na daftari. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeliona likifanya kazi. Daftari la shule la kurasa chache, ameandika mama au kaka yake anayesoma: anavyolala siku za kawaida, anavyokula, degedege mara ngapi kwa wiki, dawa gani, anachekeshwa na nini, akiumia hufanyaje. Mganga mwenye foleni ndefu anaweza kukatisha maneno ya mama, lakini ni vigumu zaidi kulikatisha daftari. Likisemwa tena lile neno la "hali yake", mama anafungua ukurasa: hali yake hii hapa, ya leo siyo hii.

Kuna akina baba watakaosoma hapa, na kwao nina neno fupi. Fedha ya tumbaku huja kwa msimu, naelewa. Lakini nimeona mbuzi anayekohoa akitafutiwa dawa siku hiyohiyo, na mbuzi naye hasemi. Hujawahi kumwuliza mkeo amejuaje kwamba mbuzi anaumwa.

Fedha ndiyo inayonileta kwenu wazee wa usharika. Serikali ilishaweka msamaha wa gharama za matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akifikisha miaka 5 msamaha huo unakwisha, na ulemavu unabaki palepale. Uzito tu ndio unaongezeka, mgongo wa mama unachakaa, na bodaboda anadai nauli ya watu wawili. Hapo katikati ndipo diakonia inapopaswa kuonekana. Tunaishi kando ya njia ya zamani ya misafara, iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji. Kila mtu wa huku amesimuliwa kwamba aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani, kwa kuwa msafara ulikuwa na haraka na mzigo ulikuwa na thamani. Tunasikitika tukisimuliwa. Kisha tunaingia kikaoni kujadili mabati ya kanisa kwa saa tatu, na ombi la nauli ya mtoto mgonjwa linaahirishwa hadi kikao kijacho kwa sababu halikuambatanishwa na barua ya daktari. Barua ya daktari! Anaomba nauli ili amfikie huyo daktari.

Yule majeruhi wa barabara ya Yeriko, katika mfano wa Bwana, hasemi neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho wa habari. Msamaria hakumsubiri ajieleze. Aliona vidonda, akampandisha kwenye mnyama wake, na kwenye nyumba ya wageni alilipa kwanza, akaahidi kumalizia akirudi.

Baada ya aibu yangu niliyoieleza, niliomba kikao kitenge sehemu ya sadaka ya diakonia kwa nauli ya watoto wa namna hii, itolewe siku hiyohiyo kwa neno la mama peke yake. Ubishi ulikuwa mkubwa. Mzee mmoja ninayemheshimu aliuliza: "Na akienda akakutwa hana kitu, Mchungaji, si tumetupa fedha ya Bwana?" Nilimjibu kwamba mtoto wake mwenye afya akipelekwa na kukutwa hana kitu, yeye hurudi nyumbani akishukuru. Hakuridhika, lakini hakupinga tena, na fedha ikatengwa.

Mpaka ninapoandika, imetumika mara tano. Mara mbili watoto walikutwa na malaria, mara moja jipu la jino, na mara mbili hakikuonekana kitu. Kwa zile mbili mzee wangu bado ananiuliza kila tunapokutana. Yule binti paja lake liliunga, limepinda kidogo. Wiki ya tatu baada ya kurudi nyumbani treni ya mizigo ilipita alasiri, na mama yake akatuma mtoto mbio kuniita, nikafika treni imeshapita.